Ngoma za Mafundi wa Reli

Basi la kutoka Mombasa kwenda Nairobi likifika Mtito Andei, safari imefika nusu. Abiria hushuka, hunyoosha miguu, hununua maji na mahindi ya kuchoma, halafu hupanda tena. Kilomita kama 70 mbele, baada ya Kibwezi, lipo hekalu la Masingasinga la Makindu. Madereva wa malori na utingo wao wanalijua kwa chai, dengu na chapati zinazotolewa bure kwa kila mpita njia, awe wa dini gani. Sifa hiyo ya jikoni imefunika jambo jingine linaloendelea ukumbini: ngoma mbili ndogo, moja ya mti na moja ya shaba, zinazopigwa kwa vidole na viganja kusindikiza nyimbo za ibada. Ibada hiyo ya kuimba huitwa kirtani, na ngoma hizo ni tabla. Zilifikaje katikati ya nyika ya Ukambani, na ni nani aliyemfunza nani kuzipiga?

Njia ziliyojia ni ya reli. Kuanzia mwaka 1896 meli zilikuwa zikiteremsha Mombasa vibarua na mafundi wa Punjab, waliopakiwa bandarini Karachi kwa mkataba wa miaka mitatu. Hadi reli inafika ukingoni mwa ziwa Nyanza mwaka 1901, Wahindi karibu 32,000 walikuwa wamepitia mikataba hiyo. Karibu 2,500 walifariki. Karibu 6,700 waliamua kubaki. Wengi walikuwa Waislamu, na pamoja nao Masingasinga na Wahindu. Kibarua wa kawaida alilipwa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho ya chakula. Seremala, mhunzi na mwashi walipata zaidi, nao ndio tutakaowafuata.

Kumbukumbu mashuhuri ya ngoma zao katika nchi hii haihusu ibada hata kidogo. Inahusu simba. Mwaka 1898 daraja la mto Tsavo lilikuwa likijengwa, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka Mtito Andei ukielekea pwani, na simba wawili walikuwa wakiwatoa watu hemani usiku. Mmoja wa waliochukuliwa mapema alikuwa jemadari Singasinga, Ungan Singh. Asubuhi ya tarehe 9 Desemba, Mswahili mmoja alikuja mbio akipiga kelele kwamba simba yuko karibu na mto, anakula punda. Mhandisi J. H. Patterson aliwakusanya vibarua, akawaambia walete kila ngoma, kila debe na kila chombo chenye mlio, wakizunguke kichaka kwa nusu duara na kupiga kelele. Simba alitoka. Bunduki ya Patterson, ambayo alikuwa ameiazima, ikagoma kufyatuka, na mnyama hakufa hadi usiku wa siku hiyo. Watu hukumbuka simba na bunduki. Mimi nimeusoma ukurasa huo wa kitabu cha Patterson mara nyingi nikijiuliza ngoma hizo zilikuwa zikifanya nini jana yake. Hakuna mtu anayefunga ngoma kwenye furushi lake huko Punjab, akaivusha bahari, ili siku moja atishie nayo simba.

Zilikuwa za jioni. Kambi za reli zilikuwa na watu waliojua kutunga na kuimba. Daraja lilipokuwa karibu kukamilika, fundi mmoja aliyeitwa Roshan alimtungia Patterson shairi refu la Kihindustani, lenye tarehe 29 Januari 1899, na Patterson akaweka tafsiri yake mwishoni mwa kitabu hicho, alichokichapisha mwaka 1907. Katika vijiji vya Punjab ngoma ya nyumbani ni dholaki, yenye ngozi pande zote mbili, inayolazwa mapajani. Huimbiwa arusi, huimbiwa mavuno, na mtu akitaka kumwimbia Mungu, mikono ni ile ile.

Reli ilivuka Mtito Andei mwaka huohuo wa 1898, ikapita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwezi Mei 1899. Nchi iliyopita ilikuwa katika mateso. Wakamba waliita njaa ya miaka hiyo Ngomanisye, na wazee wa baadaye walihesabu umri wao kwayo. Treni zilikuwa zikipandisha mchele wa vibarua huku watu wa vijiji vya kando wakichimba mizizi.

Watu hao nao walikuwa na ngoma ya ibada. Kilumi, ambayo hasa ni ya wanawake, huchezwa kwa mwase, ngoma ndefu ya gogo la mti lililokombwa ndani na kuwambwa ngozi. Huchezwa kuita mvua, kuponya mgonjwa, kumsikiliza pepo aliyempanda mtu na kutaka kujua ana haja gani. Mdundo hauachwi mpaka pepo aseme. Kwa serikali mpya jambo hili lilikuwa la hatari. Mwaka 1911, pepo walipoanza kuwapanda watu kwa wingi upande wa Machakos, na Siotune wa Kathuke akatokea kama nabii wa vuguvugu hilo, serikali ilimkamata na kumpeleka uhamishoni mbali na Ukambani. Wamisionari wa Africa Inland Mission, waliokuwa wameingia Nzaui mwaka 1895, waliwataka waumini wao waache kilumi na kila dansi iliyofanana nayo. Ngoma ya mgeni, ikipigwa ndani ya kiwanja cha reli, haikumsumbua ofisa yeyote. Ya mwenye nchi ilihesabiwa uasi au ushetani. Historia ya tabla katika nyika hii haisimuliki kwa haki bila kulitaja hilo.

Makindu palikuwa na kitu ambacho injini ya mvuke haiwezi kukikosa: maji. Chemchemi za vilima vya Chyulu hulisha mito kadhaa upande huu, na wa Makindu haukauki. Hapo reli ikaweka kituo cha injini na nyumba za wafanyakazi. Madereva, wapasha moto, mafundi na makarani wakakaa, na miongoni mwao Masingasinga wakawa wengi kiasi cha kutaka mahali pa kusali. Mwaka 1926 walijenga gurudwara, yaani hekalu lao.

Hapa inafaa kueleza walikuwa Masingasinga wa namna gani. Sehemu kubwa ya waliokuja Afrika Mashariki walikuwa Waramgarhia, yaani jamii ya maseremala, wahunzi na waashi. Hawakuwa na padri wa kuwaongoza, kwa kuwa dini yao haina ukuhani; mtu yeyote wa jamaa, mwanamume au mwanamke, anaweza kukisoma kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, na anaweza kuimba yaliyomo. Na yaliyomo yanadai kuimbwa. Kitabu hicho, ambacho kiongozi wao Guru Arjan alikikusanya kwa mara ya kwanza mwaka 1604, kimepanga sehemu kubwa ya tenzi zake kwa kufuata raga, yaani aina za maghani, na jumla ya raga hizo ni 31. Kukisoma bila kukiimba kunawezekana, lakini ni kama kula wali mkavu.

Kuna kisa ambacho Masingasinga husimuliana, nacho kinafaa Makindu kuliko Amritsar kilikotokea. Tangu siku za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, aliyezaliwa mwaka 1469, uimbaji ulikuwa kazi ya waimbaji wa ukoo, wengi wao Waislamu. Mwenzi wa Nanak katika safari zake zote, Mardana, alikuwa Mwislamu mpiga rababu. Wakati wa Guru Arjan walikuwapo Satta na Balwand, waimbaji hodari waliojua kwamba ni hodari. Walitaka fedha zaidi ya walizopewa, wakasema bila wao hakuna kirtani, wakagoma. Guru Arjan akachukua ala mwenyewe, akawaambia watu wa kawaida waliokaa mbele yake, wenye maduka na wakulima, kwamba kuanzia siku hiyo wataimba wao. Satta na Balwand walirudi baadaye wakaomba radhi, na utenzi wao umo ndani ya kitabu hadi leo. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na asiye mwimbaji wa ukoo hakufungiwa tena.

Bila kisa hicho, Makindu ingekuwa kimya. Kituo cha reli chenye familia chache hakiwezi kumlipa mwimbaji wa kazi kutoka Lahore. Kirtani ya kawaida huhitaji watu watatu: wawili wanaoimba na kupiga kinanda cha mkono, na mmoja wa tabla. Kinanda chenyewe asili yake ni Ufaransa. Wahindi walikirekebisha karne ya 19, miguu isihitajike kupuliza, ili mtu akae chini na kukipiga kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta hewa. Ni rahisi kukijifunza kwa kiasi cha kuridhisha. Tatizo la kila jamaa ndogo ni mtu wa tatu.

Tabla si ngoma ya kubahatisha. Ile ya kulia, ndogo, huchongwa kwa mti mgumu. India hutumia sana shisham, ambao ni ndugu wa mpingo wetu, jinsi moja ya miti. Watu wa Wamunyu wanaochonga mpingo, kazi ambayo Mutisya Munge aliileta nyumbani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kutoka Tanganyika, wangeutambua ugumu wake mara tu patasi inapogusa. Ile ya kushoto, kubwa na nene, ni bakuli la shaba au la udongo. Zote huwambwa ngozi ya mbuzi, na juu ya ngozi hubandikwa duara jeusi la uji wa unga, gundi, masizi na vumbi la chuma, linalopakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe mpaka lipasuke nyufa ndogo zisizoonekana. Duara hilo ndilo siri yote. Ngoma ya kawaida hutoa kishindo. Duara jeusi huifanya tabla itoe sauti kamili, inayoweza kulinganishwa na sauti ya mwimbaji. Kanda za ngozi huzunguka mwili wa ngoma ya kulia, na chini yake huingizwa vipande vya mbao vya mviringo. Ukivigonga kwa nyundo kuelekea chini, ngozi hukazika na sauti hupanda.

Nyundo, kabari, ngozi, mbao, vumbi la chuma. Ala hii ilikuwa ikizungumza lugha ya karakana, na nadhani ndiyo maana haikufa mikononi mwa wafanyakazi wa reli. Joto la Makindu hukausha ngozi na kuipandisha sauti. Mvua za Novemba huilegeza. Kila mara kabla ya ibada mtu hukaa na nyundo ndogo akigonga kuzunguka ukingo, sikio karibu na kinanda. Seremala hahitaji somo refu kwa hilo.

Vidole ndivyo vinavyohitaji miaka. Mafunzo huanza bila ngoma. Mwanafunzi hukaa chini, miguu imekunjwa, viatu vimeachwa mlangoni na kichwa kimefunikwa, na hujifunza kusema. Kila pigo lina jina lake. "Na" ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwenye ukingo. "Ge" ni mkono wa kushoto ukiachia sauti nzito. "Ka" ni kiganja cha kushoto kikilala juu ya ngozi na kuizima. "Dha" ni mikono yote miwili pamoja. Mzunguko wa mapigo manane, keherwa, ambao ndio ngazi ya kwanza kwa wengi, husemwa hivi: dha ge na ti, na ka dhi na. Wa sita, dadra: dha dhi na, dha ti na. Mwalimu husema, mwanafunzi huitikia, mikono ikipiga makofi kuonyesha pigo zito na kupunga hewani kuonyesha pigo tupu. Asiyeweza kulisema somo kwa ulimi haruhusiwi kuligusa kwa kidole. Watoto huona hili ni mchezo. Watu wazima huona aibu, na ndio maana watoto huwapita.

Pigo tupu linastahili kuelezwa kidogo. Katika mzunguko mkubwa wa mapigo 16, unaoitwa tintal, mkono wa kushoto huanza kunyamaza karibu na katikati. Uzito wote hutoweka, hubaki mlio mwembamba wa kulia peke yake, halafu uzito hurudi kabla ya pigo la kwanza. Mwimbaji aliyefumba macho hahitaji kuhesabu; ukimya wa kushoto humwambia kwamba nusu imepita. Wanaoanza hawapendi sehemu hiyo, kwa sababu mkono unawawasha kupiga. Walimu wa gurudwara husisitiza jambo ambalo mwalimu wa tamasha hasisitizi sana: neno ndilo linaloabudiwa, ngoma ni mtumishi wake. Ukipiga kwa ustadi mpaka watu wakuangalie wewe, umeharibu. Mbwembwe huruhusiwa kidogo tu, mwishoni mwa ubeti, pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Msomaji wa Pwani atasema tabla anaijua bila kuvua viatu mlangoni mwa hekalu lolote, na atakuwa sahihi. Taarab ya Mombasa iliichukua zamani, pamoja na kinanda cha mkono, na Juma Bhalo alijenga jina kwa kuvika mashairi ya Kiswahili sauti za filamu za Kihindi. Huko tabla hujitokeza, huchokoza, hujibizana na mwimbaji. Ala ni ile ile, majina ya mapigo ni yale yale, lakini adabu yake ni nyingine kabisa. Nawajua watu wanaopendelea ile ya taarab, na siwalaumu.

Kwa miongo minne hivi utaratibu wa Makindu haukuwa na mengi ya kusimulia. Reli iliajiri, jamaa ilikaa, watoto walikua na wakachukua nafasi za baba zao kwenye mkeka. Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha hesabu. Kazi za reli zilianza kwenda kwa Waafrika, kama ilivyopasa. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967 iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na Wahindi wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kukimbilia viwanja vya ndege kabla London haijafunga mlango, kama ilivyofanya mwaka 1968. Vituo vidogo ndivyo vilivyokauka kwanza. Ukumbi wa ibada haufungwi kwa sababu ya watu kuondoka, lakini mpiga tabla akipanda ndege, hakuna tangazo la kazi linaloweza kumrudisha.

Ujuzi ulihamia Southall, magharibi mwa London. Mmoja wa waliozaliwa Nairobi, Kuljit Bhamra, wa mwaka 1959, alichukuliwa Uingereza akiwa mtoto mdogo mwenye athari za polio. Mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, alikuwa mwimbaji wa gurudwara na wa arusi, na alihitaji mtu wa kumpigia. Mtoto alianza kumpigia tabla akiwa na umri wa miaka sita hivi, akijifunza mwenyewe kwa kumfuata mama yake. Baadaye alikuwa mtayarishaji mkubwa wa muziki wa bhangra, na uzeeni amebuni namna ya kuandika mapigo ya ngoma za Kihindi kwenye karatasi, ili hata mpiga ngoma wa okestra asiyejua neno la Kipunjabi aweze kuyasoma. Wapo walimu wasiopenda jambo hilo. Wanasema kinachoandikwa hakiingii mwilini. Lakini Bhamra alijifunza bila mwalimu wa kumkalisha mkekani, na pengine ndiyo sababu anaona karatasi haina dhambi.

Kenya kwenyewe, swali lilikuwa jingine: je, ngoma za ibada ya Kihindi ni za Wahindi tu? Mwaka 1971 A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwanzilishi wa jumuiya ya Hare Krishna, alifika Mombasa kisha Nairobi, akakuta wafuasi wake wakihubiri kwa Wahindi peke yao. Alitaka milango ifunguliwe kwa Waafrika, na kirtani ikapigwa hadharani Kamukunji. Ngoma ya jumuiya hiyo si tabla bali mridanga ya Bengal, ya udongo, yenye upande mmoja mwembamba na mwingine mpana, inayofungwa shingoni ili mpigaji aweze kutembea na kucheza. Tofauti hiyo ina maana. Tabla hukaa chini na kuwataka watu waje. Mridanga huenda barabarani. Vijana wa Nairobi waliijifunza kwa namna ile ile ya kutamka mapigo kwanza.

Makindu haikufuata njia ya barabarani. Ilibaki palepale na kuacha barabara iilete watu. Lami ilipochukua abiria wa treni, jiko liliwafuata abiria hao. Vyumba vya wageni vikaongezwa, na mtu wa dini yoyote hulala na kula bila kudaiwa, akitaka huacha sadaka. Jamaa zilizotawanyika Nairobi, Mombasa na Uingereza hurudi siku za kuadhimisha kuzaliwa kwa Guru Nanak na kwa sikukuu ya Vaisakhi mwezi Aprili, na mara nyingi kundi la waimbaji huja na tabla zake ndani ya gari, zimefungwa kwenye mifuko ya pamba, kila moja na kata yake ya nguo ya kukalia. Ibada huanza kabla ya jua kwa utenzi mrefu wa alfajiri, Asa di Var, na mpiga tabla huwa ameshaamka nusu saa kabla ya wengine, kwa sababu ngozi iliyolala kwenye baridi ya usiku haikubali kuimba mara moja.

Reli mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Ina kituo Mtito Andei na kingine Kibwezi, lakini Makindu haimo katika orodha ya vituo vyake vya abiria. Anayetoka Mombasa kwa treni ya kusimama vituoni na kutaka kuisikia kirtani ya alfajiri hushuka Kibwezi, hupanda matatu inayoelekea Nairobi, huomba ashushwe getini, na hulala hapohapo hekaluni.